Daktari Alisema Nyonga

Nilipokuwa darasa la pili nilianza kuchechemea, na kila nilipoulizwa panauma wapi nilijibu: goti. Sikuwa nadanganya. Goti liliniuma kweli, hasa siku inayofuata baada ya kukimbia. Basi goti likashughulikiwa. Lilikandwa kwa maji ya chumvi, likapakwa mafuta ya kondoo, likafungwa majani ambayo mpaka leo sijapata mtu wa kuniambia yalikuwa ya nini, ingawa nimeuliza sana. Mwalimu wa zamu naye alilishughulikia kwa namna yake, maana mchakamchaka wa asubuhi haukuwa na nafasi ya mtu wa goti. Anayefika wa mwisho alikuwa na fungu lake la fimbo, na wa mwisho nilikuwa mimi. Nilipofika darasa la tano niliona elimu ya namna hiyo naweza kuishi bila kuwa nayo, nikaacha. Hakuna aliyehangaika kunirudisha.

Tangu hapo nimepita sehemu nyingi bila kukaa hata moja. Nimeosha vyombo visiwani, nimepika machimboni, nimeuza mitumba Bunda, nimesonga ugali wa vibarua wa barabara. Sasa nina chumba Makoko, karibu na ziwa, na nazunguka minadani na ndoo, mabeseni na majagi ya plastiki, hasa mnada wa Nyamuswa. Kote huko nimekwenda na mguu mmoja mfupi kidogo kuliko mwenzake. Watu wa mnadani wana majina yao wanayoniita kwa ajili ya mwendo wangu, na nimezoea kuitika.

Nilipovuka miaka arobaini mguu ulianza kugoma. Nikitaka kupanda bodaboda unakataa kufunguka, inabidi nikae upande kama bibi harusi. Nikaenda hospitali Musoma, nikasema goti. Daktari, kijana mwembamba mwenye subira, alinilaza, akaukunja mguu, akauzungusha ndani na nje kule juu kabisa, na nikaona nyota mchana. Goti hakuligusa. Akaagiza nipigwe picha ya kiunoni.

Picha ile aliniwekea kwenye mwanga na kunionyesha kwa kalamu. Upande wa kulia, kichwa cha mfupa wa paja kilikuwa cha mviringo, kimetulia ndani ya kikombe chake. Upande wa kushoto kilikuwa bapa, kama uyoga uliokanyagwa, na kikombe nacho kilikuwa kimejipinda kukifuata.

Akaniuliza, "Ulipokuwa mtoto uliumwa nyonga?"

"Hapana. Goti."

Akasema wote husema hivyo. Mshipa wa fahamu unaopita kwenye nyonga ndio unaoshuka mpaka gotini, na nyonga inapomuuma mtoto yeye husikia goti. Nilimuuliza maswali mengi mpaka nesi akaja kuchungulia kama kuna mtu amezimia. Akanieleza kwamba kwa watoto wengine, na sababu hasa haijulikani, damu huacha kufika kwenye kile kichwa cha mfupa. Mfupa hufa, hulainika, halafu mwili hukaa miaka unaujenga upya. Katika miaka hiyo unakuwa kama tofali bichi. Ukilikanyaga kabla halijakauka, unyayo wako unabaki humo mpaka nyumba ianguke.

Kisha akanionyesha kitu cha pili, ambacho sikukitegemea. Mfupa wote wa paja la kushoto ulikuwa umekonda kuliko wa kulia. Alisema mfupa hulishwa na kazi, na mimi kwa miaka yote hiyo nimekuwa nikiutunza mguu ule kama mgeni, mzigo naupa ule mwingine. Nijihadhari nisianguke. Nilitoka pale nimekasirika, nikiwataja kimoyomoyo watu wote waliowahi kulipaka goti langu mafuta, na wengi wao ni marehemu.

Kwa hiyo mtaelewa nilivyojisikia nilipokwenda Butiama kwa mdogo wangu wa kiume na kumwona binti yake wa miaka saba anavuka uwanja akitupa kiuno upande, na mama yake ananiambia, bila hata kusimamisha mchi kwenye kinu, kwamba mtoto goti linamsumbua, wanampaka mafuta.

Nilisema siyo goti. Nilisema mara moja kwa sauti ya kawaida, na baada ya hapo sauti ya kawaida haikurudi tena. Mama yangu, ambaye anaishi hapo kwa mdogo wangu, alinisikiliza mpaka mwisho na kusema jambo moja tu, kwamba yeye alikataa tangu mwanzo mtoto kupewa jina langu, na sasa mguu umefuata jina. Akawa na mpango tayari. Mtoto abadilishwe jina, apewe la shangazi mwingine, yule aliyeolewa akatulia. Nikamwambia daktari amesema haya mambo hayafuati jina. Akaniuliza huyo daktari ni wa ukoo gani.

Mdogo wangu ni mtu mwema, na wema wake ndio unaochosha. Habishi. Anaitikia, halafu anakwenda kufanya kile alichoelewa yeye. Nilimwambia ampeleke mtoto akapigwe picha. Akampeleka Bunda, kwa sababu alikuwa na safari ya Bunda, na alipofika akawaambia wampige mtoto picha ya goti. Wakampiga ya goti, kama alivyoomba. Goti likaonekana zima, zuri, halina tatizo lolote. Akanipigia simu kwa furaha nikiwa mnadani Nyamuswa katikati ya wateja.

"Dada, tumshukuru Mungu. Goti ni zima kabisa."

"Nilikwambia goti?"

"Sasa anaumwa goti, nipige picha ya kichwa?"

Nilimfokea hadi mama mmoja aliyekuwa anachagua beseni akaliweka chini taratibu akaondoka. Nikamwambia aende Musoma, kwa daktari wangu yuleyule, na asimwambie lolote. Amfikishe mtoto tu, anyamaze. Baada ya wiki kadhaa za kusema kesho akaenda, na jioni yake akanipigia.

"Ulikuwa sahihi, dada. Daktari amesema nyonga."

Nilikaa chini juu ya ndoo. Sijui niseme nilifurahi, maana si habari ya kufurahia, ila nilihisi kama mtu aliyekuwa akisukuma mlango kwa miaka na umefunguka. Nikamuuliza daktari ametoa maagizo gani. Akasema ametoa, na wameshaanza kuyafuata, nisiwe na wasiwasi. Mtandao ukakata. Mimi nikaenda zangu na mabeseni yangu, minada ya mbali, karibu miezi miwili, nikiwaza kwamba mara hii mtoto mmoja wa ukoo wetu atapona kwa wakati.

Niliporudi Butiama jambo la kwanza nililoliona ni baiskeli. Ile baiskeli ndogo nilimletea mimi kutoka Musoma alipoanza shule, kwa sababu nakumbuka njia ya shule ilivyonitesa. Ilikuwa imening'inizwa kwenye boriti za jiko, magurudumu juu, imefungwa kamba za katani kama mtuhumiwa. Jambo la pili nililoliona ni mtoto mwenyewe, anakuja kutoka kisimani na dumu kichwani, anachechemea vibaya kuliko nilivyomwacha. Shuleni alikuwa anakwenda kwa miguu, kwenda na kurudi, na jioni anaruka kamba na wenzake.

Nilimuuliza wifi yangu baiskeli imefanya kosa gani.

Akasema, "Si daktari alikataza? Alisema nyonga. Asinyonge."

Nilidhani ananitania. Nikamwangalia usoni, hatanii. Mdogo wangu akatoka ndani akaunga mkono, akanieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto. Daktari alisema tatizo la huyu binti ni nyonga, nyonga ipumzike kabisa. Na kweli alikuwa ananyonga sana baiskeli, kutwa nzima ananyonga, kule kunyonga ndiko kulikomlegeza goti. Sasa wameiondoa baiskeli. Anatembea kama watoto wengine. Mama yangu akauliza kutoka jikoni, baiskeli yenyewe nani aliileta.

Hapo ndipo nilipoelewa, na kilichonikera zaidi ni kwamba sikuweza kumlaumu mtu vizuri. Kwetu nyonga haijawahi kuwa sehemu ya mwili. Mtu ana kiuno, ana paja, basi. Nyonga ni kazi. Unanyonga baiskeli, unanyonga kuku kama hujui kuchinja. Mimi mwenyewe neno lile nililijua kwa mara ya kwanza siku ile ya picha, na sikumwambia daktari kwamba ni geni. Daktari alisema Kiswahili safi, mdogo wangu akasikia Kiswahili safi, na kati yao mtoto akavuliwa kitu pekee kilichokuwa kikimsaidia, akapewa dumu.

Nikaanza kueleza. Nilieleza nikiwa nimekaa, nikaeleza nikiwa nimesimama, nikajishika hapa juu ya paja na kusema nyonga ni hapa, ndani. Mdogo wangu akasema hapo ni kiuno. Nikasema siyo kiuno, ni chini ya kiuno. Akasema basi ni paja. Wifi yangu akasema wifi pumzika kwanza, umetoka mbali. Nikatoka nikaenda senta.

Pale senta kuna bucha. Nilimwomba muuza nyama paja la mbuzi na kipande cha mfupa wa kiuno vikiwa bado vimeungana. Alikuwa ameshainua shoka. Nikamshika mkono.

"Usikate hapo."

"Mama, hapo ndipo tunapokatiaga."

"Ndiyo maana hakuna anayepajua. Nipe hivyohivyo."

Akanifungia huku akiwatazama wateja wengine kwa jicho la kuomba mashahidi.

Niliweka ile nyama kwenye sinia mbele ya mdogo wangu, na mama na wifi wakasogea kwa sababu nyama ni nyama. Nikashika paja kwa mkono mmoja na mfupa wa kiuno kwa mwingine, nikazungusha taratibu, waone linavyozunguka. Kisha nikapitisha kisu na kuvuta. Kichwa cha mfupa kikachomoka kwenye kikombe chake kwa sauti kama ya kunyonya, cheupe, kinateleza, cha mviringo kama yai. Nikakirudisha. Nikakitoa tena. Nikamwambia hii ndiyo nyonga. Daktari hakusema baiskeli. Alisema hapa.

Mdogo wangu amechunga tangu akiwa na meno ya utoto. Akanyoosha kidole akakigusa kile kichwa.

"Hapo? Si ungesema dada. Hapo ndipo alipoumia yule ndama wetu mweupe."

"Na mlimfanya nini?"

"Alikaa zizini. Tulikuwa tunamkatiaga majani tunamletea."

"Hamkumpeleka malishoni na wenzake?"

"Angeendaje malishoni na hapo pameachia, si ange..."

Akamtazama binti yake, ambaye alikuwa amekaa kizingitini amenyoosha mguu, anangoja nyama iive. Akaenda jikoni, nikasikia kiti kinaburutwa, na kamba za katani zinakatwa.

Ningependa kusema mambo yaliisha hapo. Lakini wifi yangu alisubiri mdogo wangu atoke, akaniambia neno lililonikaa.

"Wifi, wewe unakuja na mabeseni yako, unaweka sheria, unaondoka. Asichote maji, sawa. Asibebe kuni, sawa. Mimi nina watoto wadogo wawili, na bibi hawezi tena. Atachota nani?"

Mtu anayezunguka kama mimi anajua mambo mengi, na karibu yote ni ya kufanywa na wengine.

Tukarudi Musoma, safari hii mimi, mdogo wangu na mtoto. Daktari aliposikia habari ya baiskeli alijifunika uso kwa viganja viwili. Akasema kama angeambiwa mtoto ana baiskeli angemwambia aendelee nayo, kwa sababu juu ya baiskeli nyonga inazunguka bila kubeba uzito wa mwili. Kinachokatazwa ni kukimbia, kuruka na mizigo. Akampa magongo ya kutembelea. Ila akaonya asilazwe tu, maana mfupa usiopewa kazi unakonda, na akaninyooshea kidole mimi kama mfano.

Mdogo wangu alikuwa amevumilia mengi, na hapo uvumilivu ukamwishia.

"Daktari, samahani. Apumzike au afanye kazi? Nichagulie moja, nikafanye hilohilo."

Nilitaka kumkanyaga mguu, lakini kusema kweli lilikuwa swali langu pia. Daktari hakukasirika. Akasema kama tofali bichi, uligeuzegeuze juani likauke pande zote, ila usilipandie. Mdogo wangu, ambaye amefyatua matofali ya nyumba yake mwenyewe, akaitikia kwa kichwa. Nikaona kwamba angalau hili limeingia kama lilivyosemwa.

Picha mpya ilionyesha kichwa kimeanza kubonyea kidogo upande wa juu. Bado kilikuwa ndani ya kikombe. Nikauliza kubonyea huko ni kwa sababu ya ile miezi miwili ya dumu na kamba. Akasema hawezi kujua, ugonjwa wenyewe nao hubonyeza. Nikauliza kitarudi kuwa cha mviringo. Akasema umri wake ni mdogo na hilo ni jambo zuri, kinaweza, na pia kinaweza kisirudi, itachukua miaka miwili au mitatu kujua. Nikauliza tena kwa maneno mengine, kwa matumaini kwamba jibu litabadilika. Halikubadilika. Akaongeza habari ya maziwa na dagaa, wale wanaoliwa na mifupa yao, na mtoto, ambaye hapendi dagaa, akamtazama kwa mara ya kwanza kwa uadui.

Miaka miwili au mitatu. Mimi sijawahi kukaa chini ya paa moja hata mwaka. Nilirudi Makoko, nikaaga, nikafunga mabeseni, na mpaka leo niko Butiama nachota maji. Nabeba kwa mkokoteni, kwa sababu mguu wangu nao hauwezi dumu. Kila asubuhi naamka na hasira ndogo, kwamba Nyamuswa kuna mnada na mimi sipo, na kwamba mama yangu anawaambia majirani nimerudi kwa sababu mji umenishinda. Mwalimu mkuu nilimfuata mpaka akanikimbia, na sasa mtoto hakimbii mchakamchaka. Anasimama getini na magongo yake anahesabu wanaopita.

Juzi shuleni kulikuwa na michezo. Nilikwenda kwa ajili ya kumchunga, nikamkuta ameyalaza magongo nyuma ya choo, amevua viatu, yuko kwenye mstari na wenzake, ameinama, anangoja filimbi. Nilimfikia nikiwa nahema, nikamshika kwapa nikamtoa. Shule nzima ikatazama. Akalia, na si kwa maumivu.

"Goti haliniumi tena, shangazi. Haliniumi kabisa."

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

Nikamweleza kwamba kutokuuma siyo kukauka. Nikaeleza vizuri, kwa maneno rahisi, nimepata mazoezi. Hakusikiliza hata neno moja. Akaniambia kwamba wenzake wote wana mama zao tu, yeye peke yake ndiye mwenye askari, na kwamba ananichukia, na kwamba nirudi Makoko.

Nikamwambia anichukie tu, mradi miguu yote miwili ifike chini sawasawa.

Akayachukua magongo akayafunga nyuma ya baiskeli bila kuniomba msaada, akapanda, akanyonga kwa nguvu akitazama mbele, akanipita pale getini bila kugeuka. Wenzake walikuwa wameanza mbio upande wa pili. Nikatazama kiuno chake juu ya kiti mpaka kona, kama kinapanda na kushuka sawa pande zote. Nilivyoona mimi, kilikuwa karibu sawa. Karibu. Nikafuata kwa mwendo wangu.